Jamboni ya Noeli Lubumbashi: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Desemba maembe yamejaa kando ya barabara, mananasi yapo, asali ya porini inauzwa kwa chupa. Matunda si kazi. Kazi ni nyama yenyewe, maana kwenye friji ya duka kuna vitu vinne au vitano vyote vinaitwa jamboni, yaani paja la nguruwe, na kila kimoja kina upishi wake. Anayechagua kwa macho tu huishia na paja lililoiva nje na bichi karibu na mfupa, na umeme umekatika.

Ndiyo maana orodha hii haikufuata ladha peke yake. Tumeuliza kwanza: nyama hii inadai oveni kwa saa ngapi?

Kabla ya kulipa, soma pakiti. Zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi zimeandikwa Kiingereza, za Ulaya Kifaransa. "Cuit" au "cooked" ni nyama iliyokwisha kuiva. "Gammon" ni paja lililotiwa chumvi lakini bado bichi, na "à cuire" nayo ni bichi. "Jambon cru" ni nyama iliyokaushwa kwa chumvi ili iliwe hivyo hivyo, vipande vyembamba kama karatasi. Ukiichoma inakuwa ngumu na chumvi tupu. Neno linalodanganya wengi ni "fumé": linakuambia imepitishwa moshini, halikuambii kama imeiva.

Halafu igeuze pakiti. Barafu yenye wekundu iliyojikusanya kona moja ina maana nyama iliwahi kuyeyuka ikagandishwa tena. Irudishe, hata kama wamepunguza bei.

Kipimo: yenye mfupa, gramu 350 kwa kila mtu; isiyo na mfupa, 250. Watu kumi na wawili wanatosheka na kilo nne na kidogo zenye mfupa. Pima pia sufuria yako na upana wa oveni kwa rula, kwa kuwa paja zima la kilo saba halitaingia katika oveni nyingi za nyumbani.

1. Paja bichi lililotiwa chumvi (gammon), kilo 3 hadi 4

Hii inashika nafasi ya kwanza kwa sababu moja: inaiva ndani ya maji, juu ya makala (makaa), na oveni inaihitaji nusu saa tu mwishoni. Umeme ukirudi saa kumi jioni, bado unawahi mezani.

Iweke kwenye sufuria kubwa, maji baridi yaifunike, tia kitunguu, majani ya laurier (bay) na ganda la chungwa. Yakianza kuchemka, ngoja dakika 20 uonje maji. Yakiwa na chumvi kali, yamwage uweke mengine. Kisha hesabu dakika 45 kwa kila kilo na 20 za ziada: kilo nne ni saa tatu na dakika 20. Maji yatetemeke tu. Yakitokota kwa nguvu, nyama inachanika nyuzi nyuzi nje kabla ya kuiva ndani. Ongeza makala kidogo kidogo, usijaze jiko mara moja. Ndani ifike nyuzi 70.

Kipimajoto kidogo cha nyama kinafaa kuliko kubahatisha kwa uma. Kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka, lakini usitegemee 100: Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kipimajoto kinachoonyesha 96 kiko sawa.

2. Iliyoiva tayari, yenye mfupa, nusu paja

Kwa mwenye oveni ya gesi au jenereta, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Unaipasha tu: nyuzi 160, imefunikwa kwa karatasi ya aluminiamu, glasi moja ya maji chini ya trei, dakika 40 kwa kilo mpaka ndani ifike 60. Zaidi ya hapo inakauka, kwa sababu inapikwa mara ya pili. Ukipewa chaguo, chukua nusu ya chini, upande wa goti: ina mfupa mmoja ulionyooka na inakatika vizuri. Nusu ya juu ina nyama nyingi, ila mfupa wa nyonga humchosha mkataji mbele ya wageni.

Iliyogandishwa inataka siku mbili ndani ya friji ili iyeyuke. Kununua tarehe 24 jioni ni kuchelewa.

3. Paja bichi la nguruwe wa hapa

Sokoni ndiyo nyama safi kuliko zote, na ukimjua mchinjaji unapata kipande unachotaka. Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu ya muda. Changanya maji lita nne, chumvi gramu 240 na sukari 200, lowesha paja la kilo nne siku tatu ndani ya friji. Umeme ukikatika muda mrefu, zungushia chupa za maji yaliyogandishwa. Nyama iliyopata joto siku nzima haiokolewi na chumvi hiyo. Itatoka rangi ya kijivu, si ya waridi, kwani uwaridi wa dukani unatokana na chumvi ya nitriti. Usiitafute mitaani bila kipimo: ikizidi ni sumu.

Kata kidogo uangalie kabla ya kununua. Punje nyeupe kama mchele katikati ya misuli ni mayai ya tegu, kama watu wanavyosema, ingawa kwa kweli ni tegu wachanga. Usichukue nyama hiyo. Hata iliyo safi, ipike ndani ifike 71 au zaidi: kwa paja la kilo nne ni kama saa nne au tano za oveni. Umeme wa mtaa wako utavumilia?

4. Iliyobanwa, bila mfupa

Duara kama gogo, inakatika kama mkate. Tazama asilimia ya nyama kwenye pakiti. Ikiwa chini ya 80, unalipia maji mengi, nayo yatajaa kwenye trei na kuosha mpako wote wa asali na sukari.

5. Ya kopo

Kwa sandwichi.

Mpako na matunda

Kwa kilo nne: asali gramu 150, sukari ya kahawia 100, haradali vijiko viwili vya chakula, maji ya nanasi mililita 100, siki kijiko kimoja. Chemsha dakika kumi hadi ushike mgongo wa kijiko. Menya ngozi ya paja likiwa bado na joto, acha mafuta ya unene wa sentimita moja, yachore misalaba, choma karafuu kwenye makutano. Kisha kausha kwa kitambaa. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo sababu mpako wao unateleza chini: haushiki kwenye maji.

Paka mara tatu, kila dakika kumi, oveni ikiwa nyuzi 200. Kupaka tangu mwanzo ni kuunguza sukari na kupata uchungu. Usilaze nyama usiku kucha na nanasi bichi, maana lina kimeng'enya kinacholegeza nyama ikawa kama uji. Likichemshwa nguvu hiyo inakwisha. Embe chagua lililo gumu kidogo, vipande vinene, uviweke kwenye trei dakika 15 za mwisho. Yaliyoiva sana yatageuka mchuzi.

Toa, ifunike, ipumzike dakika 20 kabla ya kisu. Iliyobaki inakaa friji siku tatu, na mfupa uweke kando: Bonane (Mwaka Mpya) utachemsha nao maharagwe, bila kuongeza chumvi hadi uonje.