Uzoefu wangu na IPMS: kupima upya jengo la ofisi kabla ya kuilaumu programu

Nasimamia jengo la ofisi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, kwa niaba ya familia inayolimiliki. Kila mwaka tunalipia programu ya kusimamia wapangaji, na wenzangu wa kazi hii huniuliza kama naipendekeza. Jibu langu limebadilika. Kabla ya programu yoyote nawapendekezea IPMS, viwango vya kimataifa vya kupima majengo. Waraka wake unapakuliwa bure mtandaoni, na kwetu umefanya kazi ambayo programu ya kulipia haikuweza.

Kilichotusukuma ni kanuni za Machi 2025 zilizokataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Mikataba yetu mingi ya pango ilikuwa ya dola, ikabidi yote ifunguliwe na kuandikwa upya kwa shilingi. Mikataba ya miaka mingi ikiwa imetandazwa kwenye meza moja, yanaonekana mambo ambayo kuyaona kwa kusoma mmoja mmoja ni vigumu. Ofisi ileile iliitwa 4B kwenye mkataba, "ghorofa ya 4 kushoto" kwenye ankara, na kwenye daftari la fundi wa jenereta ilikuwa bado na jina la mpangaji aliyehama zamani. Ukubwa wake nao ulibadilika mkataba hadi mkataba, ilhali hakuna ukuta uliosogezwa.

Lililoniumiza zaidi ni gharama za huduma. Ulinzi, usafi, lifti na dizeli ya jenereta hugawanywa kwa wapangaji kulingana na ukubwa wa eneo la kila mmoja. Nilipojumlisha asilimia zote zilizoandikwa mikatabani, hazikufika mia, hata jengo likiwa limejaa. Pengo hilo lilikuwa linatoka mfukoni mwa mwenye jengo kila mwezi. Programu ilikuwa na namba hizo zote na ilitoa ankara nzuri zenye nembo, kwa sababu kazi yake ni kuzidisha na kujumlisha ilichopewa. Haina namna ya kujua kwamba mita ya mraba ya mpangaji mmoja ilihesabiwa pamoja na korido na ya jirani yake bila korido.

Tatizo hili si la Dar peke yake. Mwaka 2013 mashirika ya taaluma za ardhi na majengo yalikutana Benki ya Dunia, Washington, yakaunda umoja wa kuandaa IPMS. Hoja iliyotajwa sana wakati ule ilitokana na utafiti wa kampuni ya JLL: jengo lilelile, likipimwa kwa taratibu tofauti za nchi mbalimbali, ukubwa wake unaweza kupishana hadi asilimia 24. Kiwango cha ofisi kilitoka Novemba 2014. Vikafuata vya makazi, viwanda na maduka, na Januari 2023 vyote vikaunganishwa katika waraka mmoja wa majengo yote.

Sasa upimaji wenyewe. IPMS 1 ni eneo la jengo likipimwa kwa nje. IPMS 2 ni eneo la ndani la ghorofa nzima. IPMS 3, ambayo ndiyo ya kukokotolea kodi ya pango, ni eneo ambalo mpangaji analitumia peke yake: ngazi, lifti, vyoo vya pamoja na korido za pamoja havimo, lakini nguzo zilizo ndani ya ofisi yake zimo. Ukuta unaotenganisha wapangaji wawili hupimwa hadi katikati, kila mmoja akachukua nusu yake.

Kanuni niliyoipenda kuliko zote ni ya ukuta wa nje. Ukisimama ndani ukautazama ukuta kutoka sakafuni hadi darini, kinachochukua zaidi ya nusu ya kimo hicho ndicho unachopimia. Kama ni kioo, unapima hadi kwenye kioo. Kama ni tofali, unaishia kwenye tofali. Jengo letu lina vioo virefu upande mmoja, na upande wa pili kuta nene zenye madirisha madogo, na hapo ndipo ugomvi wa kila msimu wa kuongeza mkataba ulikokuwa unazaliwa. Mhasibu mmoja mpangaji wetu alikuwa akiniambia, "Dada, hii mita mnayonitoza ndani ya ukuta, nitaweka meza vipi?" Safari hii tulipima pamoja kwa kipimio cha leza, yeye akishika karatasi. Tulipofika dirishani akasoma kanuni mwenyewe, akasema tuendelee. Eneo lake lilipungua kidogo, la jirani yake mwenye vioo likaongezeka, na wote wawili wakasaini. Kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya kiwango kilichoandikwa na watu wasio na maslahi katika jengo lako: mpangaji hahitaji kuniamini mimi.

Kazi ya data ilianza hapo. IPMS ya ofisi hugawa eneo la ndani katika makundi manane yenye herufi A hadi H: matundu ya ngazi na lifti, kuta na nguzo, vyumba vya mitambo, vyoo, njia za kupita, huduma kama mgahawa, sehemu za kufanyia kazi, na mengineyo. Kila chumba tukakipa namba moja isiyobadilika hata mpangaji akihama, herufi ya kundi lake, ukubwa wake na tarehe ya kupimwa. Tarehe tunaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfumo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, maana 03/04 kwa mtu mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi, na kwenye mkataba wa pango mwezi mmoja ni fedha nyingi. Namba hiyohiyo ya chumba sasa iko kwenye mkataba, ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi ya serikali), mita ndogo ya umeme na daftari la fundi. Mpangaji wetu mwenye makao makuu Nairobi, ambako ofisi hupangishwa kwa futi za mraba, tunampelekea taarifa ikiwa na kizio kimeandikwa wazi na kizidisho cha 10.764, yaani idadi ya futi za mraba katika mita moja ya mraba, na barua za kuulizana zimekwisha.

Kasoro zipo. Waraka ni wa Kiingereza cha kitaalamu, na mafundi wetu ilibidi niwaandikie maelekezo ya Kiswahili chenye michoro. Toleo la 2023 limegawa IPMS 3 kuwa 3.1 na 3.2, kwa hiyo anayeandika "IPMS 3" bila kutaja toleo anapanda mbegu ya ugomvi mpya. Sisi tumetaja la ofisi la 2014 kwenye kila mkataba. Tena IPMS inakuambia ukubwa tu. Masharti ya mkataba, malipo na matengenezo hayamo. Kwa hayo kuna miundo ya data kama ule wa OSCRE, shirika la viwango vya data za majengo, ambao niliutazama nikaona unawafaa zaidi wenye majengo mengi na idara nzima ya teknolojia.

Programu yetu tumebaki nayo, lakini kwa sharti tuliloliingiza kwenye mkataba wa huduma: tuweze kutoa data yetu yote wakati wowote kwenye faili la kawaida, pamoja na namba zetu za vyumba. Mwanzoni muuzaji alitaka mfumo wake utunge namba zake wenyewe. Tulikataa, akakubali. Kama unazungumza na muuzaji wa programu wiki hii, anza na swali hilo kabla ya kuangalia rangi za skrini.

IPMS naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia mpaka nione tafsiri rasmi ya Kiswahili. Gharama za huduma za jengo letu sasa zinajumlika mia, na tumeanza kupima maegesho ya magari.