Rolba ya MX-5 ya zamani: kagua miguu kabla ya bomba

Msomaji mmoja wa Coventry amenitumia picha ya Mazda MX-5 yake, gari dogo la michezo la paa la kukunja, na tangu niione sina raha. Kanunua rolba (tao la bomba la chuma nyuma ya viti, la kukinga vichwa gari likipinduka) mpya, nyeusi, inang'aa, na tangazo liliandika wazi kwamba ni ya magari ya 1989 hadi 1997. Alipokuwa anakaza bolti ya mwisho, bati chini ya mguu wa rolba likabonyea kama kifuniko cha debe, rangi ikachanika kuzunguka tundu. Kwa chini hakukuwa na kitu cha kushika hiyo bolti ila washa ya ukubwa wa sarafu. Na hapo gari halijapinduka, ni spana tu ya mkononi. Sasa fikiria karibu tani moja ya gari ikilala juu ya bomba hilo.

Malalamiko ya namna hii yamezidi, kwa hiyo leo tuzungumze ununuzi. Nazungumzia MX-5 ya kwanza, ile ya taa za kuinuka, iliyoonyeshwa Chicago Februari 1989 na ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Wengi wenu ndiyo mnayo, hata nyinyi wachache wa Nairobi mliowahi kuingiza yenu kabla haijapita ule ukomo wa miaka minane wa magari yanayoingizwa Kenya. Gari hili lilitoka kiwandani bila chochote nyuma ya viti cha kukinga kichwa likipinduka. Fremu ya kioo cha mbele si kinga, hata kama muuzaji wako anaiegemea akizungumza.

Sitapoteza muda na uzito, rangi, wala kama inapendeza kwenye picha. Unene wa bomba nao utatajiwa na kila muuzaji, na kwa kawaida hapo hadanganyi sana. Kitu ambacho hakuna anayekitaja ni miguu: zile sahani zinazokaa juu ya bati, na zaidi ya hizo, sahani wenza zinazokaa chini ya bati na kulibana kutoka upande wa pili.

Bati la gari hili lina unene wa milimita moja hivi. Rolba ikibeba uzito wa gari, uzito wote unashuka kwenye miguu. Kama chini kuna washa tu, bolti inapasua bati na kupita. Bomba lenyewe halijapinda hata kidogo, lakini limezama sentimita kadhaa, na zile sentimita ndizo zilizokuwa kati ya utosi wako na lami. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya mashindano, kifungu cha 253 cha Nyongeza J, zinataka kila mguu wa bomba kuu ukazwe kwa bolti zisizopungua tatu, za M8 (kipenyo cha milimita 8) zenye daraja la nguvu la 8.8, juu ya sahani ya chuma yenye unene wa milimita 3 au zaidi na eneo la sentimita za mraba 120. Hiyo ni kama sentimita 10 kwa 12. Gari la kwenda nalo sokoni halibanwi na kanuni hizo, lakini mimi huzitumia kama rula. Sahani ya ukubwa wa kiberiti haipati pesa yangu.

Angalia pia umbo lake. Bati la nyuma ya viti lina mikunjo na matuta, siyo meza. Sahani bapa inayogusa tuta moja tu itabana tuta hilo na kuacha pengine pote hewani. Kingo zake ziwe zimelainishwa, kwa sababu ukingo uliokatwa ukaachwa mkali ni kisu kinachosubiri kazi. Halafu kuna dhambi ya mafundi wavivu: kufunga mguu juu ya zulia. Zulia linabanwa, wiki mbili baadaye limelala, na bolti uliyokaza kwa nguvu zako zote sasa inacheza. Kata zulia, bandua ile lami ya kuzuia kelele, ufike kwenye chuma kitupu.

Na hicho chuma kiwe kipo. MX-5 huoza chini ya milango, pale mbele ya gurudumu la nyuma, na kutu hupanda ndani. Ukaguzi wa MOT, ule wa usalama wa magari hapa Uingereza, unaangalia kutu ndani ya sentimita 30 kutoka mkanda wa usalama ulipofungwa, na rolba nyingi zinakaa jirani kabisa na hapo. Bisibisi ikizama, peleka gari kwa mchomeleaji kwanza, hela ya rolba ikae benki.

Haya, sasa nani wa kwanza. Kwangu mimi ni Hard Dog ya Marekani, na sifichi upendeleo. Sijalipwa na mtu. Hawa ni watu waliojenga jina kwa gari hili hili, na rolba yao inakuja na sahani za chini na bolti ndani ya boksi, sio kama "nyongeza" ya kuomba kwa barua pepe. Ina miguu ya nyuma ya kuizuia isilale, na unaweza kuagiza yenye bomba la mshazari, linalozuia tao lisiende upande. Wanayo pia Deuce, yenye matao mawili, kwa wanaotaka uzuri. Mimi ningechukua ya tao moja. Kabla ya kuagiza, waambie kama paa lako la turubai lina dirisha la plastiki au la kioo, kwa maana wengi mmeshabadilisha, na si kila rolba inaruhusu la kioo kukunjika.

Ya pili ni TR Lane ya hapa hapa Uingereza, inayopendwa na watu wa saketi, yaani viwanja vya mbio. Ubora wake mkubwa ni kwamba huvuki bahari kuipata. Kama una MGB au gari jingine la Kiingereza la miaka ya sitini na sabini, anza na Safety Devices, ambao wamekuwa kwenye biashara ya rolba na keji za rali (mabomba yanayozunguka sehemu yote ya kukaa) muda mrefu. Blackbird Fabworx wa Marekani ni wa yule anayeishi saketi na kuja nyumbani kubadilisha nguo.

Fundi wa keji za rali anaweza kukutengenezea nzuri kuliko hizi zote, mradi akuonyeshe bomba analotumia kabla hajalipinda. Bomba la maji si rolba. Na tafadhali msiniandikie tena kuhusu keji nzima ati kwa sababu Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973 ni gari la michezo kama lenu. Dereva wa rali anavaa helmeti na amefungwa mikanda ya mashindano. Wewe unakwenda kazini na kichwa kitupu, na chuma cha keji kiko kando ya sikio.

Zile za bei ya chini zinazofungwa kwenye nguzo za mikanda, bila miguu ya nyuma wala mshazari, ni mapambo. Zifuteni vumbi.

Kichwa kitupu kinanikumbusha sponji. Hata rolba iliyo nyuma yako inaweza kukupasua kisogo ukigongwa nyuma kwenye taa za barabarani. Nunua sponji ngumu yenye alama ya SFI 45.1, kiwango cha Marekani cha usalama wa magari ya mbio. Ile laini ya kuvalisha mabomba ya maji ya moto inabonyea kwa kidole, acha kichwa. Urefu nao hupimwa kwa fimbo ya ufagio: ilaze kutoka juu ya rolba hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, ukae kitini na helmeti, mtu atazame kutoka pembeni. Helmeti ikigusa fimbo, shusha kiti au tafuta rolba ndefu zaidi. Na mkumbuke kuwaambia watu wa bima.

Kinachonichosha ni wauzaji. Unafungua tangazo, gari liko saketini, dereva ana helmeti, maneno makubwa yanasema "ulinzi". Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, unaambiwa bidhaa hii ni ya mwonekano tu. Mwingine anauza tao kwa bei nzuri, halafu sahani za chini peke yake, bolti peke yake, sponji peke yake, hadi jumla inapita ya Hard Dog. Nilimpigia mmoja nikamuuliza sahani zake zina upana gani. Akaniuliza, "Sahani gani, dada?"

Hao wa Marekani nao wana msalaba wao. Boksi lenyewe ni jepesi kuliko linavyoonekana, lakini msafirishaji anakutoza kwa ukubwa. Likifika Uingereza unalipa ushuru, kisha VAT ya asilimia 20 inapigwa juu ya bei, nauli na ushuru ule ule, kodi juu ya kodi, halafu kampuni ya usafirishaji inaongeza ada yake kwa kazi ya kukuletea bili. Ndiyo maana nawaambia mkusanyike wanne watano mwagize pamoja, mgawane nauli.

Siku ya kufunga, jambo moja tu la kuogopa kwelikweli: tangi la petroli limelala nyuma ya viti, chini ya kile kibaraza mnachotoboa. Funga kizuizi kwenye keekee ili isizame zaidi ya unene wa bati, na uchungulie kutoka chini kabla ya kila tundu. Kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Baada ya wiki ya kuendesha, kaza tena.

Asiye na pesa ya mpya, atafute Hard Dog iliyotumika. Watu huuza gari wakabaki na rolba gereji. Mwombe muuzaji picha za sahani za chini, zote, zimepangwa sakafuni karibu na rula. Akikwambia zilibaki kwenye gari la zamani, mshukuru na ukate simu.