Uzoefu wangu na WIPO: kudai jina la kikoa bila kwenda mahakamani

Huduma ninayoipitia hapa ni ya kituo cha usuluhishi cha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) kilichopo Geneva, kinachoamua migogoro ya majina ya kikoa, yaani anwani za tovuti, kwa UDRP, kanuni ya kutatua migogoro hiyo. Naiangalia kwa jicho la anayewaandalia malalamiko wenye alama za biashara. Nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima nitaieleza.

Kanuni ni ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya kikoa duniani, na ni ya mwaka 1999. Kila anayesajili .com, .net au .org huikubali ndani ya mkataba wake na msajili (kampuni inayouza majina ya kikoa), awe ameusoma au hakuusoma, na hapo ndipo waamuzi wanapopata mamlaka juu yake hata akiwa nchi ambayo hujawahi kuisikia. Majina ya .co.tz na .co.ke yana taratibu zake, kwa hiyo angalia kiambishi kabla ya kuandika chochote.

Gharama ni dola 1,500 kwa kikoa kimoja hadi vitano vya mmiliki mmoja, mbele ya mwamuzi mmoja. Ukitaka watatu ni dola 4,000. Mlalamikiwa halipi kitu, ila akidai waamuzi watatu ilhali wewe umeomba mmoja, ada mnagawana nusu kwa nusu. Ada ya wakili ni juu yako, na ukishinda hurudishiwi chochote. Malipo yasipofika ndani ya siku 10, malalamiko huhesabiwa yameondolewa. Ukilipa kwa njia ya benki, sema mapema kwamba makato yote utayabeba wewe, maana fedha ikifika pungufu haihesabiki kuwa imelipwa.

Malalamiko hutumwa kwa barua pepe, na maelezo yasizidi maneno 5,000. Lazima uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: jina linafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya watu, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya.

La kwanza ni jepesi, mradi uwe na alama kweli. Cheti cha kusajili kampuni au jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, si alama ya biashara, na wengi hukwama hapo hapo mlangoni. Alama ya Tanzania Bara nayo haifiki Zanzibar, kwa kuwa kule kuna daftari lake. Alama isiyosajiliwa inakubalika, lakini utaleta ushahidi mzito wa mauzo, matangazo na habari za magazeti kuonyesha kwamba wateja wanaitambua kuwa yako.

Linaloua kesi nyingi ni la tatu, na mara nyingi sababu ni tarehe. Kama mwenzako alisajili kikoa 2012 na alama yako ni ya 2019, weka dola zako mfukoni. Mtu hawezi kuwa na nia mbaya dhidi ya alama ambayo haikuwepo. Linganisha tarehe ya kikoa kuundwa na tarehe uliyoanza kutumia alama, kisha uchunguze kama kikoa kilibadili mikono katikati, kwa sababu mnunuzi mpya huhesabiwa tangu siku aliyokipata. Neno la kawaida kama asali au bahari nalo ni gumu: anayeuza asali kwa jina la asali ana haki yake. Ukilazimisha kesi ukijua fika huna hoja, jopo la waamuzi linaweza kuandika kwamba umejaribu kupora kikoa, na uamuzi huo unachapishwa mtandaoni kwa jina lako.

Kikoa kutotumika si kinga. Katika shauri la telstra.org la mwaka 2000, jina lilikaa bila tovuti yoyote na bado likahamishwa, kwa kuwa alama ilikuwa mashuhuri na hapakuwa na matumizi halali yanayoweza kufikirika. Hata hivyo, hoja hiyo haimbebi mwenye alama changa isiyojulikana.

Ushahidi kusanya kabla ya kumgusa mtu. Piga picha za kurasa zote zikionyesha tarehe na anwani, chukua nakala za zamani kwenye Wayback Machine (hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani), na angalia rekodi za barua pepe za kikoa, kwa maana zikiwa hai huenda kuna utapeli wa ankara. Ukishamwandikia, ukurasa wa matangazo yanayowalenga washindani wako unaweza kufutwa siku hiyo hiyo. Wewe ukiwa wa kwanza kuuliza bei, jibu lake pekee haliwi ushahidi wa nia mbaya. Akija yeye na bei kubwa kuliko gharama zake, hapo una kitu.

Ninachokipenda zaidi ni mpangilio wa tangu 2015: msajili hufunga kikoa ndani ya siku 2 za kazi kabla mlalamikiwa hajaarifiwa, hivyo ule mchezo wa kukihamisha usiku umekufa. Jina la mmiliki lililofichwa hufichuliwa, nawe unapewa siku 5 kurekebisha malalamiko. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na akiomba huongezewa 4. Asipojibu hujashinda bado, uthibitisho ni wako vile vile. Jopo likiteuliwa lina siku 14 za kuamua. Kwa jumla weka miezi miwili.

Akikubali kuachia, omba shauri lisimamishwe mapema: mkimalizana kabla mwamuzi hajateuliwa, dola 1,000 kati ya 1,500 hurudi.

Nyota iliyokosekana ni ya tiba. Jopo linaweza kuhamisha au kufuta kikoa, basi. Hakuna fidia hata senti, hata kama wateja wako wametapeliwa kwa miezi. Hilo ni la mahakama na polisi.

Baada ya ushindi msajili husubiri siku 10 za kazi, endapo aliyeshindwa atafungua kesi mahakamani. Zikipita, mpelekee msajili maelezo ya akaunti itakayopokea kikoa, kisha uangalie tarehe ya kuisha. Kikoa kikifikia mwisho wakati shauri linaendelea, mlalamikaji anaruhusiwa kulipia kukihuisha.