Miezi Mitano na Soksi za Magoti za Milimita 7

Nilinunua soksi hizi za magoti, yaani vifuniko vya kubana vinavyozunguka goti bila kufika wayoni, mwezi wa Machi, katikati ya jiji la Nairobi, kwa shilingi 4,200 jozi moja, baada ya wiki kadhaa za maumivu yaliyokuwa yakinishika mbele ya goti la kulia kila nilipochuchumaa na chuma mabegani. Maumivu hayo hayakunizuia kutembea, lakini yalinifuata hadi nje ya ukumbi wa mazoezi: yalizidi nikishuka ngazi za daraja la wapita njia katika Barabara ya Thika, na yalizidi tena nikikaa ndani ya matatu kwa saa nzima, goti likiwa limekunjwa na kubanwa na kiti cha mbele.

Jambo la kwanza ninalotaka mnunuzi alizingatie ni kipimo. Jozi niliyopewa mara ya kwanza ilichaguliwa na muuzaji kwa kunitazama tu, naye akanipa saizi kubwa, kwa hiyo kila baada ya kuchuchumaa mara nne au tano ilikuwa imeteremka hadi kwenye shavu la mguu. Nilirudi siku iliyofuata nikiwa nimejipima nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani, nikiuzungusha katikati ya goti, nikapata sentimita 38, na kwa jedwali la mtengenezaji nilistahili saizi ya kati. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Soksi inayokutosha huvaliwa kwa kuvutavuta, haiteremki, na huacha alama nyepesi kwenye ngozi. Ikikutia ganzi mguuni au ikibadilisha rangi ya ngozi, imekubana kupita kiasi.

Zimeshonwa kwa neoprini, mpira wa kutengenezwa uliobuniwa na kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1930, ambao ndio hushonewa pia mavazi ya wapiga mbizi kwa sababu hutunza joto la mwili. Joto hilo ndilo faida yao kubwa. Mwezi wa Julai, nilipokuwa nikifika mazoezini saa kumi na moja na nusu alfajiri na baridi ya Nairobi ikiwa imekaza magoti, zilinipunguzia ule ugumu wa raundi za mwanzo kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Unene wa milimita 7 ndio wa juu kabisa unaoruhusiwa katika mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Powerlifting, mchezo wa kunyanyua vyuma vizito, na kwa kuchuchumaa na vyuma unafaa. Anayechanganya vyuma na kukimbia au kuruka, nadhani atastarehe zaidi na milimita 5.

Hata hivyo, lazima niseme wazi kwamba soksi hizi hazikuniponya. Katika wiki ya tatu, kwa kuwa goti lilikuwa na joto na maumivu yamefifia, nilipandisha uzani kutoka kilo 80 hadi 90, nikamaliza mazoezi nikiwa na furaha, kisha usiku huohuo nikashindwa kulala. Soksi zilikuwa zimenyamazisha maumivu ambayo yangenionya mapema. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea alinieleza kwamba sehemu iliyolemewa ilikuwa mahali ambapo pia ya goti, kile kifupa cha mbele, huteleza juu ya mfupa wa paja, na kwamba nilikuwa nimeongeza mzigo kwa kasi kuliko uwezo wa goti kuuzoea. Alinishusha hadi kilo 50. Alinipa zoezi la kushuka polepole kwa mguu mmoja kutoka kwenye kidato cha sentimita 15, nikihesabu hadi nne, pamoja na mazoezi ya misuli ya kando ya nyonga kwa mpira wa kuvuta, na akaniruhusu kuendelea mradi maumivu yasizidi tatu kwa kumi na yawe yametulia kufikia kesho yake. Ninaamini kwa dhati kwamba nafuu yangu ilitokana na kazi hiyo ya miezi mitatu, ambayo isitoshe haikuhitaji kifaa cha bei.

Kuhusu utunzaji, hunuka haraka zikifungiwa mkobani zikiwa na jasho. Ninazifua kwa mkono kila wiki kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, na kuzianika kivulini, kwa kuwa jua kali hukausha mpira na kuupasua. Mishono bado ni mizima.

Mtu ambaye goti lake limevimba, linakwama au linamlegea ghafla, ninamsihi aonane na daktari kabla ya kununua soksi za aina yoyote. Kwa goti kama langu, ningezinunua tena, ila ningezivaa tangu mwanzo jinsi ninavyozivaa sasa: raundi nyepesi zote ninachuchumaa bila soksi ili nilisikilize goti, kisha ninazivaa kwa raundi mbili za mwisho tu, ambazo wiki hii zilikuwa za kilo 75, na asubuhi yake nikashuka ngazi za daraja bila kushika ukingo.