Tulipita mwisho wa njia, kisha nikaletewa karatasi

Nilikuwa nimekusudia kuisifu kampuni hii, kwa sababu ndege yake ndogo ya panga boi moja, itokayo uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi huku Magharibi, huniepusha na siku nzima ya kufuata malori kwenye mteremko wa Mau. Nia hiyo imekwisha.

Msimu huu wa mvua tulitua alasiri katika kiwanja ambacho sitakitaja, lami ikiwa bado imelowa, na magurudumu yakagusa chini wakati nusu ya njia ya kutulia ndege ilikuwa imeshabaki nyuma yetu. Panga boi lilinguruma kwa kugeuzwa livute kinyume, breki zikashika na kuachia, kisha lami ikaisha nasi tungali tunakwenda. Tulikwama katika matope karibu na ua wa shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia.

Hilo peke yake ningelivumilia. Sehemu kubwa ya nyanda zetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ambavyo ingefanya Mombasa. Maji yakitanda juu ya lami, tairi huelea badala ya kushika. Kisumu wana njia ya zaidi ya kilomita tatu, lakini viwanja vidogo havina nafasi ya kusamehe kosa.

Nisilolivumilia ni karatasi. Kijana wa dawati alikataa kutupa mizigo mpaka kila abiria atie sahihi kwamba hakuumia na hana dai lolote. Nilipomuuliza ni nani aliyeiandika, alinijibu, "Mama, si umefika salama? Tia sahihi twende." Bibi mmoja nyuma yangu, ambaye mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, aliomba miwani yake ili asome kwanza. Miwani ilikuwa ndani ya mkoba uleule uliozuiliwa, naye akaambiwa asiwacheleweshe wenzake! Bibi wa watu alitia alama ya kalamu mahali alipoonyeshwa kwa kidole.

Kijana huyo alisema tukio lilikuwa "kuteleza kidogo tu". Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao Kenya imeuridhia, kinataja ndege kupita mwisho wa njia miongoni mwa mifano ya matukio makubwa yanayostahili kuchunguzwa, na uchunguzi wenyewe haulengi kumtafuta wa kulaumiwa. Basi haraka ya sahihi zetu ilikuwa ya nini?

Rubani ningempa nyota tano: alisimama matopeni, akatushusha mmoja mmoja na kutuomba radhi. Hata hivyo, kila nikitafakari najiuliza kwa nini hakupaa tena alipoona njia inamwishia, maana kupaa na kuzunguka upya si aibu kwa rubani yeyote. Nyota tatu, basi. La, nne, kwa kuwa ni yeye pekee aliyetamka neno "samahani".

Kampuni nimeipa moja, nayo ni ya rubani. Mimi sikutia sahihi. Mkoba wangu niliupata jioni, baada ya kelele nyingi. Nauli ya kurudi hawajanirejeshea, na kwa kuwa barabara ya Mau sina nguvu nayo tena, huenda nikapanda ndege yao, mradi dawati liwe na mtu mwingine.