OpenDKIM na ufunguo wa biti 2048 kwenye seva za Kisumu: uzoefu wangu

OpenDKIM ndiyo programu inayotia barua pepe saini ya DKIM (inayomwonyesha mpokeaji kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako) kwenye seva ninazosimamia Kisumu na Kakamega: taarifa za karo, risiti za SACCO, ankara za maduka. Inakaa pembeni ya Postfix, programu inayotuma barua, kwenye Ubuntu, ni ya bure, na kazi yenyewe ya kusaini sijaiona ikiyumba. Kinachokwamisha watu ni rekodi ya DNS, ambako ufunguo wa umma hutangazwa ili wapokeaji wahakiki saini. Hapo wengi hulaumu programu bure, kisha wanarudi kwenye ufunguo wa biti 1024 ili mambo yaishe. Tafadhali usirudi huko. RFC 8301 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2018 inamtaka anayesaini atumie angalau biti 1024, lakini inapendekeza 2048, na kikwazo kinachowarudisha watu nyuma kinatatulika.

Ufunguo huo hukaa kwenye rekodi ya DNS ya aina ya TXT, inayobeba vipande vya maandishi, na kipande kimoja hakipiti baiti 255. Ufunguo wa umma wa RSA wa biti 1024 una herufi 216, hivyo unaenea katika kipande kimoja pamoja na utangulizi wake. Wa biti 2048 una herufi 392; ukitanguliza "v=DKIM1; k=rsa; p=" unapata 410. Lazima ugawanywe, na seva inayopokea barua itaviunganisha vipande hivyo bila kuongeza chochote katikati.

Paneli za wauzaji wa vikoa vya .co.ke hazifanani. Kuna zinazogawa zenyewe, kuna zinazokataa na kukuonyesha kosa, na kuna zinazopokea kimya kimya halafu zikakata kila kilichozidi 255. Hizi za mwisho ndizo zinazopoteza muda, kwa sababu kwenye paneli rekodi inaonekana ipo. Usiamini paneli, uliza DNS yenyewe (kis1 hapa ni selekta, yaani jina la ufunguo, na mfano.co.ke ni kikoa chako):

dig +short TXT kis1._domainkey.mfano.co.ke

Tazama mwisho wa jibu. Ufunguo mzima wa RSA wa biti 1024 au 2048 kwa kawaida huishia na IDAQAB. Usipoziona herufi hizo, umekatwa, na hakuna haja ya kugusa OpenDKIM. Ukiona mistari miwili tofauti ya majibu, basi mtu ameugawa ufunguo katika rekodi mbili badala ya vipande viwili ndani ya rekodi moja. Kosa hili nalikuta mara nyingi. Rekodi iwe moja tu, yenye umbo hili:

"v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIjANBgkq..." "...IDAQAB"

Jibu likiwa tupu, jaribu kuuliza kis1._domainkey.mfano.co.ke.mfano.co.ke. Paneli nyingi huongeza jina la kikoa zenyewe, kwa hiyo kwenye nafasi ya jina andika kis1._domainkey pekee.

Sasa programu yenyewe. Ufunguo unatengenezwa hivi:

opendkim-genkey -b 2048 -d mfano.co.ke -s kis1

Andika -b 2048 kila mara, maana kiwango cha msingi hutegemea toleo ulilosakinisha. Unapata kis1.private (ufunguo wa siri) na kis1.txt (rekodi ya DNS). Faili ya pili imeshagawanywa vipande, nami naipenda kwa hilo, ila imeandikwa kwa ajili ya faili ya zoni ya BIND, programu ya seva ya DNS. Ukiinakili yote kwenye paneli ya wavuti, mabano na maelezo yaliyo baada ya nukta-mkato ya mwisho vitaingia pia na kuharibu rekodi. Chukua yaliyo ndani ya nukuu tu. Faili ya siri iwe mali ya mtumiaji opendkim, ruhusa 600.

Kisha hakiki:

opendkim-testkey -d mfano.co.ke -s kis1 -k kis1.private -vvv

"key OK" ndiyo unayoitaka. "key not secure" huwatisha watu bila sababu: maana yake ni kwamba jibu halikuthibitishwa kwa DNSSEC (saini za DNS yenyewe), basi. "keys do not match" ni jambo zito, kwani ufunguo wa siri ulio kwenye seva si jozi ya ule uliotangazwa.

DNS ikiwa safi na saini bado inakataliwa, tuma barua kwenye Gmail, fungua Show original, usome mstari wa Authentication-Results. Ukitaja "body hash did not verify", mwili wa barua umebadilishwa baada ya kusainiwa. Mara nyingi ni kichujio cha virusi au seva ya kati inayobandika maneno ya kanusho chini ya barua. Kusaini kuwe hatua ya mwisho kabisa. Pia kwenye mipangilio ya OpenDKIM weka Canonicalization (namna ya kusawazisha maandishi kabla ya kusaini) iwe relaxed/relaxed. Bila hivyo OpenDKIM hutumia simple, ambayo haivumilii hata nafasi moja iliyoongezwa mwishoni mwa mstari.

Barua za mfumo wa karo unaotuma kwa PHP zisipokuwa na saini kabisa, angalia non_smtpd_milters katika main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix; hapo ndipo Postfix huelekezwa kwa OpenDKIM. Wengi hujaza smtpd_milters peke yake, na barua zinazozaliwa ndani ya seva hazipiti huko. Uangalie pia milter_default_action: ikiwa accept, OpenDKIM ikizima barua zitaendelea kutoka bila saini na hutaambiwa.

Mapungufu yapo. Toleo thabiti ni 2.10.3 la mwaka 2015, na halisaini kwa Ed25519, aina nyingine ya saini isiyo RSA, ambayo ufunguo wake una herufi 44 tu na ungeondoa shida yote ya 255. Hata hivyo si wapokeaji wote wanaoitambua Ed25519, hivyo RSA ungeihitaji vilevile. Na usikimbilie biti 4096: herufi 736 zinavusha jibu la DNS kikomo cha baiti 512 cha UDP ya zamani, hivyo huenda likahitaji TCP, na palipo na ruta au ngome (firewall) inayozuia TCP kwenye mlango 53, mpokeaji anaweza kupata temperror (kosa la muda).

Paneli yako ikikataa vipande viwili katakata, hamishia DNS kwingine na uache kikoa kilipo. Kabla ya kubadilisha nameserver, nakili rekodi zote, hasa MX (inayoelekeza barua zinazoingia) na SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma). Ufunguo mpya upe selekta mpya, kis2, uuache wa zamani kwenye DNS kwa wiki moja hivi ili barua zilizo kwenye foleni zihakikiwe, ndipo ubakize p= tupu kwenye kis1, ishara kwamba ufunguo huo umefutwa.