list_for_each_entry_safe kwenye kerneli ya Linux: uzoefu wangu

Nimeitumia makro hii, ya kupitia orodha kitu kwa kitu huku ukifuta, kuandika na kukagua draiva (programu za kuendesha vifaa), na naipa nyota nne kwa tano. Hiyo moja niliyokata ndiyo inayowaangusha wengi.

Orodha za kerneli, zile za include/linux/list.h, ni za mviringo: kila kitu kimebeba ndani yake struct list_head yenye vielekezi viwili, next na prev. Ukizunguka kwa list_for_each_entry ya kawaida, njia ya kwenda mbele inasomwa kwenye kitu ulichoshika, tena baada ya kumalizana nacho. Kama umeshakifanyia list_del (kukitoa orodhani) na kfree (kuachilia kumbukumbu yake), unasoma kumbukumbu isiyo yako tena. Hii ya _safe inadai kigeugeu kimoja zaidi, n, inachotumia kuhifadhi kitu kinachofuata kabla hujagusa cha sasa. Kwa kusafisha orodha wakati draiva inaondolewa, sijaona cha kuizidi.

Ila inakukinga na mkono wako mwenyewe tu. Prosesa nyingine ikiingia kwenye orodha ileile, n haina habari. Nimewahi kukagua draiva ya mtengenezaji mmoja wa vifaa: inashika spinlock (kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala), inaanza kuzunguka kwa _safe, halafu katikati inaachia kufuli ili iite fanksheni inayoweza kulala, kisha inalishika tena. Katika upenyo huo uzi (thread) mwingine unafuta kitu kilekile ambacho n inakielekezea. Kwenye mashine ya majaribio, kimya. Kwenye seva yenye kazi nyingi ikaanguka, na ripoti ya oops (ile kerneli huitoa inapokosea) ikaja na anwani inayoanza na dead0000. Ndiyo sumu ambayo list_del huipaka kwenye vielekezi katika x86-64 (prosesa za biti 64 za Intel na AMD), ili atakayevifuata ajikwae palepale. (Aliyechagua namba hiyo alikuwa na ucheshi wake.)

Dawa ninayoipenda ni list_splice_init, inayohamisha orodha nzima kwa mkupuo. Shika kufuli, hamishia orodha nzima kwenye kichwa kilicho kwenye steki yako, achia kufuli, kisha zunguka kwa raha zako. Orodha iwe na vitu kumi au elfu kumi, uhamisho ni uleule, maana vinabadilishwa vielekezi vichache tu.

Wasomaji wakiwa wengi na wafutaji wachache, achana na _safe kabisa. Tumia RCU, utaratibu unaowaacha wasomaji wasome bila kusubiri kufuli: list_for_each_entry_rcu ndani ya rcu_read_lock, na anayefuta atumie list_del_rcu na kfree_rcu. Hapo next haipakwi sumu, kwa hiyo msomaji aliyeshafika anaendelea na safari, na kumbukumbu haiachiliwi mpaka wasomaji wa zamani watoke.

Kingine kinachoudhi: mzunguko ukiisha bila break, pos (kigeugeu kinachoshika kitu cha sasa) si NULL. Inaelekeza kwenye kitu kisichokuwepo, kilichopigiwa hesabu kutoka kichwa cha orodha. Mjadala wa jambo hilo mwaka 2022 ndio uliomfanya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aitoe kerneli kwenye C89 na kuipeleka C11 (matoleo ya kiwango cha lugha ya C), kuanzia toleo la 5.18, ambako kigeugeu kinaweza kutangazwa ndani ya for yenyewe. Makro hizi lakini zimebaki vilevile, pos unaitangaza nje.

Ukijaribu draiva yako, washa CONFIG_DEBUG_LIST (ukaguzi wa orodha) na KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu). KASAN inakula kumbukumbu na mashine inakuwa nzito, lakini inakutajia aliyeachilia kitu na aliyekuja kukisoma baadaye.